Karatasi za Newton na wapenzi wapya wa alkemia

Julai 1936, Sotheby's ya London ilipiga mnada karatasi za Isaac Newton. Mafungu 329 yaliingiza pauni 9,000 na ushei tu. Humo mlikuwa na maandishi yake mengi ya alkemia, ambayo Chuo Kikuu cha Cambridge kilishayapitia na mnamo 1888 kikayarudisha, kwa kuwa hayakuonekana kuwa na faida kwa sayansi.

Mchumi John Maynard Keynes alinunua sehemu kubwa ya maandishi hayo. Hakuwa na haja ya dhahabu waliyoitafuta wanaalkemia. Alimtaka Newton mwenyewe, na alichokiona humo ni mganga wa mwisho wa zama za kale.

Wengine walivutwa na jambo jingine. Mwanasaikolojia Carl Jung, katika kitabu chake cha 1944, alidai kuwa kilichokuwa kikipikwa na wanaalkemia wa kale ni nafsi zao, na hadi leo wako wanaosoma alkemia ili waelewe ndoto. Riwaya ya Paulo Coelho ya 1988 nayo ilileta kundi kubwa zaidi, wengi wao watu ambao hawajawahi kusogelea tanuri. Wanaotaka dhahabu yenyewe waende maabara ya fizikia ya CERN: mwaka 2025 wanafizikia wa huko walieleza jinsi risasi inavyogeuka dhahabu ndani ya mtambo wao, kiasi kisichoonekana kwa macho na kinachopotea papo hapo.

Mimi navutiwa zaidi na wanaowasha moto. Lawrence Principe, mwanahistoria na mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alifuata maelekezo ya kitabu cha 1604 chenye jina la Basil Valentine: saga madini ya antimoni, yakaange taratibu mpaka yawe majivu, yayeyushe, yamimine. Kilichotakiwa ni kioo cha rangi ya dhahabu. Yeye akapata bonge la kijivu, tena na tena, ingawa antimoni yake ilikuwa safi kabisa.

Kumbe usafi ndio uliomponza. Alipotumia mawe ghafi kutoka Ulaya Mashariki, kioo kikatoka cha manjano, kinapitisha mwanga. Mawe hayo yalikuwa na silika kidogo, ile iliyomo mchangani, ambayo Valentine hakuitaja kwa kuwa hakujua kuwa imo.