Mbegu ya Maharage na Vita Dhidi ya Maradhi

Katika nyumba za Kibenga, kusini mwa mji wa Bujumbura, kama ilivyo kote nchini Burundi, maharage ni chakula cha kila siku. Kwa hiyo ugonjwa unapoyavamia mashamba ya milimani, pigo lake halimwishii mkulima peke yake, bali hufika hadi kwenye vyungu vya mjini.

Asili ya zao hili ni Amerika. Lilipofika katika nchi za Maziwa Makuu, wakulima, hasa akina mama, walijenga desturi ya kupanda mbegu za rangi na maumbo mbalimbali katika shamba moja. Desturi hiyo ilikuwa kinga. Ugonjwa wa chule, ukungu unaoacha makovu meusi kwenye maganda, ulipoziangamiza mbegu za aina moja, nyingine zilisalia na kuzaa.

Mwaka 1962 iliundwa Taasisi ya Sayansi za Kilimo ya Burundi, ISABU. Katika miaka ya 1980 taasisi hiyo, pamoja na wenzake wa Rwanda na Zaire ya wakati huo, ilishirikiana na CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa Kolombia mwaka 1967. Kazi ya namna hii huhitaji subira. Mbegu nyingi hupandwa na kuachwa makusudi zishambuliwe na maradhi. Zinazostahimili huchaguliwa ili zichavushwe na aina nyingine zinazopendwa na walaji.

Miongoni mwa mbegu zilizojipatia sifa ni Colorado de Teopisca, aina ya kutambaa iliyotoka Mexico, iliyoandikishwa katika ghala la CIAT kwa nambari G 2333. Wakulima wa Rwanda waliipokea kwa jina la Umubano. Wataalamu waligundua baadaye kwamba ina jeni tatu za kuzuia chule, nayo imetumiwa kama mzazi wa aina nyingine.

Hata hivyo, ukungu nao hubadilika. Aina moja ikitawala mashamba yote, hata iwe imara kiasi gani, siku itakapozidiwa nguvu mkulima hatakuwa na akiba. Hapana budi, basi, mbegu mpya zipokewe bila ya kuzitupa zile za zamani, kwani kinga ya kesho huenda imo ndani ya kibuyu cha mbegu cha mama mkulima.