Nakuru Hadi Doha: Ni Kilomita Ngapi, na Unafika Baada ya Masaa Mangapi?

Umepata kazi Qatar na uko Nakuru? Kila mtu nyumbani atakuuliza ndege inachukua masaa mangapi. Jibu fupi ni hili: kutoka JKIA Nairobi hadi Doha ni karibu kilomita 3,350, na ndege ya moja kwa moja inachukua kama masaa matano.

Ukipiga hesabu utasema ni manne, juu ndege kubwa hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini ndege haichori laini iliyonyooka. Nyingi hukwepa anga ya Yemen juu ya vita, halafu kuna muda wa kupaa, kushuka na kutembea kwa lami kabla milango ifunguliwe.

Hiyo ndio sehemu rahisi. Naks hatuna ndege ya Doha, kwa hivyo safari yako inaanzia stage ya matatu. Hadi Nairobi ni kama kilomita 160. Siku poa utatumia masaa matatu. Lakini Jumapili jioni, ama watu wakirudi kutoka Krismasi, ni noma. Jam inakushika Gilgil, inakupata tena Naivasha, Kinungi malori yanapanda kama yanahesabu mawe, na ukifika Rironi ushamaliza masaa sita. Yaani umekaa barabarani kuliko utakavyokaa angani. Na bado matatu itakuachilia tao, JKIA iko upande ule mwingine wa jiji.

Kitu ingine imechoma watu ni tarehe. Ndege kibao za Ghuba hutoka usiku. Tiketi ikisema Jumanne 00:55, hiyo ni saa saba kasoro dakika tano za usiku, ule wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Binamu yangu aliona Jumanne akajua ni saa saba mchana. Jumatatu usiku tukamuaga vizuri, maombi na pilau, akatoka Nakuru alfajiri. Wakati anapita Naivasha, ndege yake ilikuwa inatua Doha. Tiketi mpya ikawa deni juu ya deni.

Kwa hivyo hesabu ukirudi nyuma. Ndege ni 00:55, kaunta hufungwa kama saa moja kabla, na unafaa kuwa uwanjani masaa matatu mapema, yaani saa nne usiku. Toa masaa mawili ya kuvuka jiji, toa sita za barabara. Unatoka Nakuru Jumatatu saa nane mchana. Ukifika mapema, kaa hapo na chai yako ya flaski, hakuna mtu atakucheka.

Ukitua usiguse saa ya simu, Doha na Kenya saa ni ile ile. Dubai ndio iko mbele kwa saa moja, ndio maana tiketi yake huonekana ni safari ya masaa sita na ni matano. Wewe wa Doha, ukitoka kwa ndege saa kumi na mbili asubuhi, pigia mathe. Hata kwake ni saa kumi na mbili, na pengine hajalala.