Mwaka ambao UMISSETA haikuchezwa: Kibondo na Kasulu wakati wa corona

Wanamichezo wa shule za sekondari katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, ni miongoni mwa maelfu ya wanafunzi nchini waliokosa mashindano ya UMISSETA mwaka 2020, baada ya Serikali kufunga shule na kusimamisha michezo kutokana na ugonjwa wa corona.

Mgonjwa wa kwanza nchini alithibitishwa Machi 16, 2020, mkoani Arusha. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, pamoja na kusitishwa kwa michezo yote inayokusanya watu. Agizo hilo liligusa Ligi Kuu ya soka na pia mashindano ya shule, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari.

Wakati huo michezo ya shule ilikuwa katika hatua za awali. UMISSETA huanzia shuleni, hupanda hadi kata na tarafa, kisha wilaya, ambako huchaguliwa kombaini inayokwenda mkoani. Kombaini ya mkoa hukusanywa kutoka halmashauri zote nane za Kigoma, zikiwamo Kibondo, Kasulu Mji na Kasulu Vijijini, na kwa kawaida fainali za taifa hufanyika katikati ya mwaka. Kwa hiyo amri ya Machi ilikata ngazi hiyo chini kabisa, kabla mchezaji wa kijijini hajaonekana na mtu yeyote nje ya kata yake.

Shughuli za michezo ziliruhusiwa tena kuanzia Juni 1, 2020, na Ligi Kuu ikarejea Juni 13. Kwa shule haikuwa hivyo. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi darasani Juni 1, lakini wenzao wa madarasa mengine walisubiri hadi Juni 29, wakati ambao kwa kawaida mabingwa wa taifa hujulikana. Baada ya hapo shule zilitakiwa kuongeza muda wa masomo ili kufidia miezi mitatu iliyopotea, na muda huo ulitoka kwenye saa za jioni, ambazo ndizo za uwanja.

Klabu ya Ligi Kuu ina wachezaji wasiozidi 30, nao wanaweza kuwekwa kambi moja na kusimamiwa. Timu za shule hulala kwenye mabweni, mkoa mzima kwa pamoja, wanasoka na wacheza netiboli, wavu, mikono na riadha.

UMISSETA pia si shirikisho lenye mapato yake. Mashindano husimamiwa na TAMISEMI, kwa kushirikiana na wizara zinazohusika na elimu na michezo, na wilayani mzigo humwangukia ofisa michezo na walimu wachache wa kujitolea. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, michango ya lazima kutoka kwa wazazi iliondolewa, hivyo usafiri, chakula na jezi hutegemea sana bajeti ya halmashauri. Mkoa ulio kando ya Ziwa Tanganyika huhisi gharama hiyo kuliko wengine: fainali za mwaka 2019 zilifanyika Mtwara, upande wa pili wa nchi, pwani ya Bahari ya Hindi.

Ziliporejea mwaka 2021 zilifanyika Mtwara tena. Hata hivyo, si wote waliozikosa mwaka 2020 walioweza kurudi. Aliyekuwa kidato cha nne alifanya mtihani wake mwishoni mwa 2020, na Juni 2021 alikuwa nyumbani akisubiri kupangiwa kidato cha tano. Aliyekuwa kidato cha tano alikuwa amekwisha kumaliza cha sita. Makundi hayo mawili, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye wachezaji waliokomaa, yalipoteza misimu miwili badala ya mmoja.

Hasara hiyo ni nzito zaidi kwa wilaya kama hizi, ambako klabu kubwa hazipo na wasaka vipaji hufika kwa nadra. Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) limekuwa likitumia mashindano ya shule kutafuta vijana wa timu za taifa za umri mdogo, hivyo kwa kijana wa Kibondo njia fupi ya kuonekana ni kuvaa jezi ya mkoa.

Mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, nayo hayakufanyika mwaka 2020 na 2021. Yalirejea Arusha mwaka 2022, mwaka ambao fainali za UMISSETA zilihamia Tabora, jirani wa Kigoma.

Kwa aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2020, Tabora ndiyo ingekuwa nafasi ya kwanza tangu corona, iwapo alichaguliwa kuendelea na masomo. Hata hapo, kama alipangiwa shule nje ya Kigoma, angevaa jezi ya mkoa mwingine.