Njiwa Wasio na Jeraha

Desemba iliyopita binamu yangu aliingia jikoni kwa kukhu na njiwa wa porini saba, amewafunga miguu kwa kamba. Akasema amewaangusha kwa manati kando ya mashamba ya mpunga. Saba, asubuhi moja! Mimi nimekulia Bunyala na nimevuta manati hadi kidole kikaota sugu. Siku nzuri nilirudi na wawili.

Kwa hivyo nilichukua mmoja, nikaanza kupekua manyoya nikitafuta jeraha. Kukhu akacheka. "Tangu utoke chuo unaogopa hata mboga."

Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili, na kemia yangu ni ya kuokoteza. Lakini nimesoma sana kuhusu njiwa, kwa sababu swali la kama njiwa wa shambani ni salama kula lina historia, na sehemu yake nzito ilitokea mbali na kwetu, Uingereza.

Kule njiwa wa porini ni mnene, ana doa jeupe shingoni, na mkulima humwona kama mwizi na kitoweo kwa pamoja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyama ya buchari ilikuwa ya mgao, lakini njiwa hakuwa kwenye mgao. Mwenye bunduki alikula. Baada ya vita serikali ikachangia bei ya risasi ili wakulima wampunguze. Miaka hiyo ukiuliza kama njiwa ni salama, ungeambiwa tu uangalie marisau yasikuvunje jino. (Siku hizi tunajua marisau ya risasi huacha vipande vidogo vya madini ndani ya nyama, visivyoonekana, na madini hayo hayafai mtoto hata kidogo. Lakini hiyo ni sumu ya polepole, na bunduki kwetu hakuna.)

Katikati ya miaka ya 1950 mbegu za ngano zikaanza kupakwa dawa mpya: aldrini, dieldrini, heptakloro. Shida ilikuwa funza wanaokula mche kabla haujasimama, na dawa ilifanya kazi. Ila njiwa hasomi lebo. Alishuka shambani, akajaza gole lake mbegu, akaruka nazo. Majira ya kuchipua ya 1960 na 1961 ndege walianza kuonekana wakitetemeka chini, wameshindwa kupaa. Katika shamba moja kubwa la Tumby, Lincolnshire, waliokota maelfu ya mizoga, wengi wao njiwa. Kabla ya hapo, kati ya Novemba 1959 na Aprili 1960, mbweha wapatao 1,300 walikuwa wamekufa, wengine wakizunguka kama vipofu. Mbweha hali ngano. Anakula ndege aliyekula ngano.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo hunichekesha kila nikiikumbuka. Wafugaji wa njiwa wa mashindano walilalamika kwa serikali kwamba kozi wamezidi na wanamaliza njiwa wao. Basi kozi wahesabiwe. Kazi hiyo ikaongozwa na Derek Ratcliffe, kuanzia 1961, na alichokuta ni kinyume kabisa: kozi walikuwa wakitoweka nchini. Yule aliyeshtakiwa kwa kula njiwa alikuwa akiuawa na njiwa.

Kozi ni mla njiwa kama binamu yangu, tofauti yao ni sufuria tu. Na sufuria haikuwa na msaada. Dieldrini hukaa kwenye mafuta ya mwili na haiogopi moto wa jikoni. Mwaka 1961 kamati ya bunge ilitaka dawa hizo zipigwe marufuku kwenye mbegu mara moja. Kilichopatikana kwanza ni makubaliano ya hiari, kwamba zisitumike kwa ngano inayopandwa majira ya kuchipua.

Sasa nirudi nyumbani. Uingereza njiwa alilishwa sumu kwa bahati mbaya. Bunyala analishwa kwa makusudi, ili auzwe.

Dawa ni Furadan, chembechembe za zambarau zilizotengenezwa kuua wadudu wa udongoni. Wategaji huchanganya na mchele kwa ajili ya njiwa na bata, na huwatilia korongo ndani ya konokono. Mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonyesha simba wa Kenya waliouawa kwa dawa hiyo, mtengenezaji aliiondoa sokoni hapa. Hata baada ya hapo watafiti wa ndege waliendelea kuokota mizoga yenye sumu kwenye mashamba yetu ya mpunga.

Furadan haijifichi kwenye mafuta kama dieldrini. Inapiga mishipa ya fahamu, haraka: mate yanatoka, mboni zinakuwa kama ncha ya sindano, misuli inatetemeka, pumzi inakatika. Kwa sababu sumu nyingi iko tumboni mwa ndege, watu husema ukitoa gole na matumbo umemaliza kazi. Kukhu ni mmoja wao. Lakini ndege aliyekufa kwa sumu alikufa kwa sababu sumu ilishatoka tumboni ikaingia kwenye damu, na damu hiyo ndiyo iliyopita kwenye kidari unachotaka kuchoma.

Sitawaita wategaji wauaji, wengine nimesoma nao. Mpunga unalipa kwa msimu, ndege analipa jioni ya leo. Na serikali yenyewe, Januari 2023, ilipuliza fenthioni upande wa Kisumu kuua kweleakwelea waliovamia mpunga, sumu inayopiga mishipa ileile. Mtoto anayeona ndege wamelala chini ya mti, nani amemwambia asiokote?

Hapo jikoni nilimaliza kupekua wote saba. Watatu walikuwa na jeraha, mmoja bawa limevunjika kabisa. Wanne walikuwa wazima kama wamelala. Nikapasua gole la mmoja wao: mchele, umejaa tele. Zambarau sikuiona, ila chembe zikilowa hupoteza rangi.

"Hawa wanne uliwapiga wapi?" nikamuuliza.

Binamu aliangalia mlango. Mtoto wa dada yangu, miaka minne, alikuwa ameshaketi na sahani yake tupu.

"Watatu ni wangu," akasema mwishowe. "Wanne nilinunua."

Kukhu hakusema neno. Aliwachukua wote saba, hata wale watatu, kwa sababu walikuwa wamefungwa kamba moja na walikula shamba moja. Mbwa alimfuata akitikisa mkia, akafukuzwa. Nikachukua jembe nikamfuata nyuma ya nyumba, akanionyesha pa kuchimba. "Shimo refu," akasema, "huyu mbwa ana pua."

Mchana tulikula ugali kwa omena.