Mwizi wa Vugiri

Babu yangu mzaa baba hakuwahi kuiba hata kikonyo cha ndizi, lakini mwaka 1988 tulimzika akiwa bado anaitwa Mwizi. Halikuwa jina la kusengenyana. Wazee wenzake walimwita hivyo mbele ya watu, tena kwa mapenzi: "Mwizi, karibu chai." Nikiwa mdogo pale Lushoto nilidhani ni jina la ukoo, na siku moja shuleni nililiandika kwenye daftari langu kama jina la tatu. Mwalimu alicheka. Baba hakucheka.

Bibi ndiye aliyenieleza. Babu alipokuwa kijana, kabla hajahamia Lushoto, alikaa kijiji kimoja chini ya Vugiri. Wakaja Wazungu wa picha. Wakatafuta mtu mwenye mbio. Babu alikuwa na mbio kuliko wote, basi akapewa kazi ya kukimbia na fedha ya mtu mwingine. Alilipwa. Hapo ndipo bibi alipokuwa akinyamaza kidogo, kisha anasema, "Na mimi ndiye nilikuwa mchumba wa pili."

Kwa miaka mingi niliichukulia kama hadithi ya jikoni. Halafu nikiwa mtu mzima nikakutana na habari za Vugiri katika historia ya sinema, na nikakaa chini.

Mwaka 1935 Vugiri palikuwa na studio. Leo ni kata ya Wilaya ya Korogwe, juu kwenye ukingo wa Usambara, na anayepita barabara ya Tanga na Moshi hawezi kudhani kwamba kule kwenye ukungu paliwahi kutengenezwa filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wazo lilikuwa la J. Merle Davis, Mmarekani wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, aliyekuwa ametembelea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na kuona jinsi kazi za mshahara zilivyokuwa zikiwatoa watu vijijini mwao. Fedha kubwa ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Mambo ya elimu aliyasimamia G. C. Latham. Aliyeshika kamera na kazi zote za mikono ni Meja L. A. Notcutt, ambaye miaka ya 1920 alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge huku Afrika Mashariki na alishawahi kufikiria kuwaonyesha vibarua sinema ili watulie kazini. Mtu wa mkonge anajua kibarua anataka nini jioni, au anadhani anajua.

Baridi ya mlimani iliwafaa. Filamu husafishwa kwa dawa na maji, na maji ya moto huiharibu. Ukishuka mkongeni bondeni, joto peke yake lingetosha kuwaharibia kazi.

Katika miaka miwili walitengeneza filamu 35 hivi. Nyingi zilikuwa za safura, ngozi, kahawa, mifugo. Lakini mojawapo ya zile za mwanzo ilikuwa ya Benki ya Akiba ya Posta, na hii ndiyo inayonihusu. Vibarua wa shamba wamepokea mshahara. Mmoja anaufukia ndani ya nyumba yake. Mwizi anamchungulia, anakuja kufukua, anaondoka nazo. Mwenzake, aliyepeleka zake benki, amelala usingizi. Somo ni akiba. Lakini ondoa somo uone kilichobaki: kuna fedha chini ya ardhi, kuna jicho linalochungulia, kuna mtazamaji anayejua kitu ambacho mwenye mali hajui. Huo ni mkanda wa kusisimua kabisa, na kwa kuwa mwenye mali ni mjinga wetu sote, unachekesha pia. Waliotaka kufundisha kuhusu benki walilazimika kumwazima mwizi ili watu wasisinzie.

Kibanda cha sinema hakikuwepo. Lori lilibeba mashine na jenereta kutoka Tanganyika hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha yenyewe ilikuwa bubu, ya milimita 16. Sauti ilikuwa kwenye santuri, ili picha ileile isemeshwe lugha mbalimbali kulingana na mahali. Ni werevu, ila santuri ikipishana na picha hata kidogo, mtu amefunga mdomo na maneno yanaendelea.

Wakati ule wataalamu wa filamu za makoloni walikuwa na hofu moja. William Sellers, aliyefanya kazi hiyo Nigeria na baadaye akaongoza Colonial Film Unit iliyoanzishwa 1939, alishikilia kwamba mtazamaji mgeni wa Kiafrika aonyeshwe mambo polepole, bila kurukaruka, asije akapotea. Nikisoma hayo namkumbuka bibi. Kwa maelezo yake, kijijini kwa babu hakuna aliyepotea. Walifuata kisa mwanzo hadi mwisho, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakampigia kelele mwenye nyumba aangalie nyuma. Kisha lori likaondoka, na wao wakaendelea nacho. Wiki chache baadaye mbuzi wa mtu alipotea, na nyumba ya kwanza kugongwa ilikuwa ya babu. Mbuzi alionekana kwenye mihogo ya jirani. Mara ya pili ilikuwa jembe. Baba wa mchumba wake wa kwanza akarudisha mahari. Alisema anajua ni mchezo, lakini mtu anayefukua vizuri namna ile, bila kusita, hajaanza leo.

Babu akapanda Lushoto, akaoa mwingine. Jina lilimfuata kwa mguu, kupitia Soni.

Mradi ulifungwa mwaka 1937; serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika hazikukubali kuubeba. Notcutt na Latham wakaandika kitabu kilichotoka London mwaka huohuo. Majina yao yako kwenye jalada.

Siwalaumu. Kwa kweli kinachoniuma ni kingine, na kinaitwa Rashidi Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu, kichekesho cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na wajanja wa mjini. Alicheza mjinga, watu wakamcheka, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Hakuna aliyemwita mjinga. Miaka kumi na kitu tu kati ya mkanda mmoja na mwingine, na watu walishajifunza kumtenga mwigizaji na anachoigiza. Babu aliwahi mno.

Katika zile filamu za Vugiri, zinazojulikana kubaki ni tatu, na zimehifadhiwa na British Film Institute, London: ya mafunzo ya mifugo, ya safura, na ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira. Ya posta haimo. Ule ushahidi pekee kwamba babu alikuwa anaigiza umeoza, na jina limebaki.

Mwaka jana nilimwonyesha baba ile ya Kingolwira kwenye simu. Ana miaka themanini na macho yake si mazuri. Nilimwambia kabla: hii ni karibu na Morogoro, si kwetu, babu hayumo. Akaitikia. Akaisogeza simu mpaka karibu na pua, akatazama watu wanalima, kimya, hadi mwisho.

"Rudisha pale wanapopita kule nyuma," akasema.