Land Rover za Oldeani: historia iliyochomelewa kwenye chesisi

Ukitaka kujua umri wa Land Rover ya Oldeani, kadi ya gari haitakutosha. Ingia uvunguni. Huko unaweza kukuta chesisi iliyotoka kiwandani miaka ya 1960, imetiwa viraka vya chuma vya unene tofauti. Gia boksi ya gari jingine lililokufa zamani. Difu ya nyuma iliyonunuliwa Arusha kwa muuza spea za mtumba. Na juu ya hayo yote injini ya dizeli ya Kijapani ambayo waliolibuni gari hilo Uingereza hawakuiwazia hata siku moja. Milango huenda ni ya Defender ya miaka ya 1990. Boneti ni ile ile ya mwanzo, na usukani pia.

Wapenzi wa magari ya kale Ulaya hutaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani: rangi ile ile, skrubu zile zile, hata kibandiko cha kwenye kioo. Ni kazi ya heshima na sina ugomvi nayo. Lakini kwa kipimo hicho Land Rover nyingi za wilaya ya Karatu zingehesabika kuwa zimeharibiwa, na hapo ndipo ninapokataa. Mabadiliko yale hayakufanywa kwa kulidharau gari. Kila moja lina wakati wake na sababu yake, na ukiyafuatilia unaisoma historia ya nyanda hizi, tangu kahawa ya walowezi hadi utalii wa leo.

Oldeani ni mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, kusini mwa kreta ya Ngorongoro, na ni jina la makazi ya wilaya hiyo yaliyo chini yake, penye mashamba makubwa ya kahawa na, kuyazunguka, mahindi na maharage ya Wairaqw. Udongo wake ni mwekundu na una rutuba. Masika ikianza, udongo huohuo unageuka utelezi unaolishika gari lisiende mbele wala nyuma. Ukiteremka kuelekea Mang'ola na Ziwa Eyasi, kwenye vitunguu na nchi ya Wahadzabe na Wadatoga, tope linaisha na vumbi na mawe vinaanza. Gari la huku linatakiwa limudu yote hayo kwa siku moja, likiwa na mzigo.

Walioanzisha mashamba ya kahawa ya Oldeani ni walowezi wa Kijerumani, walioruhusiwa kurudi Tanganyika katikati ya miaka ya 1920 baada ya kufukuzwa kufuatia Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yao yakashikwa na msimamizi wa mali za adui. Shamba mojawapo la aina hiyo, jirani na Karatu, lilinunuliwa mwaka 1948 na Mwingereza aliyetoka vitani, James Gibb. Ndilo lijulikanalo hadi leo kama Gibb's Farm, lililoanza kupokea wageni wa kulala mwaka 1972.

Tarehe 30 Aprili ya mwaka huohuo wa 1948, kampuni ya Rover ilionyesha gari jipya kwenye maonyesho ya Amsterdam. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa akitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales, akataka kutengeneza gari la kushika nafasi yake. Chuma Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, lakini alumini ilipatikana. Bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, kwa mabati bapa yasiyohitaji mashine kubwa za kuyafinyanga, kisha yakafungwa kwa bolti na riveti. Chesisi ilijengwa kwa vipande vya bati la chuma vilivyochomelewa pamoja hadi vikafanya boksi refu.

Hali hiyo ya shida, iliyowabana Waingereza baada ya vita, ndiyo iliyowafaa mafundi wa Karatu miaka mingi baadaye. Bodi iliyofungwa kwa bolti inafunguliwa kwa spana. Chesisi iliyozaliwa kwa kuchomelewa inatibika kwa kuchomelewa. Kila ubavu wa gari unaweza kuondolewa peke yake, ukanyooshwa kwa nyundo na gogo, ukarudishwa.

Ugonjwa wake nao ulitokana na maumbile hayo. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chesisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma. Tope jekundu huingia ndani ya boksi la chesisi kupitia matundu, likakaa humo na unyevu wake, likala chuma kutoka ndani. Nje unaona rangi nzima. Fundi mzoefu haamini macho. Anapita na nyundo akigonga kutoka mbele hadi nyuma, na panapotoa mlio mzito uliokufa anaweka alama ya chaki. Magari yanayofanya kazi kandokando ya Eyasi yana adui mwingine, magadi, ambayo hayachelewi kula chuma hata kiangazi.

Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti na kupewa mamlaka yake, na Land Rover ikawa gari la wahifadhi na watafiti. Julai 17 mwaka huo, Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu ukichomoza ardhini huko Olduvai. Aliendesha Land Rover mbio hadi kambini kumwita mumewe Louis, aliyekuwa amelala mgonjwa. Fuvu hilo la zamadamu, lenye umri wa miaka takriban milioni 1.75, liliifanya Olduvai ijulikane dunia nzima. Miaka michache baadaye Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi, alikuwa akiwafuata fisi usiku kwenye sakafu ya kreta kwa gari la aina hiyo hiyo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha bondeni, Manyara, ambako Iain Douglas-Hamilton alichunguza tembo kuanzia mwaka 1965. Kundi moja la majike wakali, aliowaita dada Torone, liliishambulia Land Rover yake yeye akiwa ndani. Pembe zilipenya bodi, na tembo wakalisukuma gari kinyumenyume. Alitoka salama. Nadhani hakuna maelezo bora ya gari hili: bati jepesi ambalo pembe inalitoboa, juu ya fremu ambayo tembo hawakuweza kuivunja.

Kuliendesha kulikuwa ufundi. Magari ya matoleo ya mwanzo, Series I na Series II, hayakuwa na wepesi wa kuingia gia ya kwanza na ya pili. Dereva alikanyaga klachi mara mbili, akapandisha injini mlio katikati, la sivyo gia zinasaga. Asubuhi za Oldeani zina baridi; betri zilipochoka, gari la petroli liliwashwa kwa hendeli mbele ya rejeta. Aliyewahi kuzungusha hendeli hiyo anajua kwamba kidole gumba hakizungushwi mpini. Injini ikirudisha, huvunja mkono. Gia boksi ambayo gia zote huingia kwa ulaini ilikuja na Series III mwaka 1971, na olteneta badala ya dainamo ikaja nayo.

Baada ya Uhuru Land Rover ilikuwa sura ya serikali. Alikuja nayo mkuu wa wilaya, bwana shamba, daktari wa chanjo na, miaka ya 1970, maofisa wa kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Wazee wengine hawaikumbuki kwa furaha, na hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

Kisha ikaja miaka iliyoyageuza magari haya kuwa kitu kingine. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Karatu lilikuwa pigo la moja kwa moja: watalii waliozoea kuingilia Nairobi walikatika. Spea nazo zilikatika, maana ng'ambo ya mpaka, mjini Thika, ndiko kilikokuwa kiwanda cha Leyland kilichounganisha Land Rover. Vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni zilizobaki. Mtu alikuwa na gari zima lililosimama kwa kukosa kitu kidogo cha kushika mkononi.

Hapo ndipo fundi alipochukua nafasi ya kiwanda. Gasketi ilikatwa kwa karatasi ngumu, mafuta yakipakwa kabla ya kufungwa. Bushi za springi zilichongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Jani la springi lililovunjika lilibadilishwa na jani la lori, likakatwa, likapashwa moto na kupindwa hadi likae. Shafti za ekseli ya nyuma, ambazo ndizo udhaifu unaojulikana wa Land Rover za zamani, zilivunjika zikaungwa, zikavunjika tena, zikatolewa kwenye gari lililolala nyuma ya gereji. Ilifika mahali magari matatu yakawa moja, na hilo moja likaendelea kubeba kahawa.

Natamani tuiheshimu kazi hiyo kwa jina lake: ni uhandisi. Uliofanywa na watu ambao wengi wao hawakusoma chuo, waliojifunza kwa kubeba spana za fundi mkubwa tangu utotoni, na walioelewa kwa vidole vyao mzigo unapitia wapi kwenye chesisi na wapi usiwekwe kiraka kwa sababu ufa utahamia pembeni yake.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, katika kipindi ambacho wengi wanakikumbuka kwa jina la utani la rais wa wakati huo, Mzee Ruksa, na magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika baadaye, fundi alipata malighafi mpya. Injini ya petroli ya Land Rover, yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 2,286, ilikunywa mafuta mno kwa nguvu iliyotoa. Ikang'olewa. Injini ya dizeli kutoka kwenye pikapu au basi dogo la Kijapani ikawekwa badala yake.

Kusema ni rahisi. Injini mpya haikai kwenye vishikio vya zamani, kwa hiyo vinachongwa vipya. Kati ya injini na gia boksi inahitajika sahani nene ya chuma iliyotobolewa kwa kipimo kisichokosea, maana ikipinda kidogo tu klachi inakufa kila mwezi. Rejeta inasogezwa. Shafti inakatwa, inarefushwa au kufupishwa, kisha inanyooshwa isitetemeshe gari. Na ukishamaliza unagundua kwamba nguvu mpya inavunja zile shafti za nyuma haraka zaidi, na breki za ngoma zilizotosha mwendo wa zamani hazitoshi mteremko wa Ngorongoro. Unabadilisha ekseli. Ukibadilisha ekseli, springi zinakuuliza. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa mwezi mmoja. Mwenye gari anafanya kipande baada ya mavuno, anasubiri, anafanya kingine mwaka unaofuata, na gari linaendelea kufanya kazi katikati ya matengenezo.

Umuhimu wa kazi hiyo ulionekana na nchi nzima mwaka 2011, maelfu walipokuwa wakimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Njia zilikuwa mbaya kupita kiasi. Land Rover kuukuu, ambazo kwingine zingeitwa mikweche, zilijaa wagonjwa na jamaa zao, zikapita mahali ambapo magari mapya yalinasa.

Lakini kwenye utalii zilikuwa zimeshapoteza. Barabara kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na kampuni za safari zikahamia Toyota Land Cruiser, ambazo karakana za Arusha huzirefusha chesisi na kuziwekea paa la kuinuka. Ni kazi nzuri sana, na ujuzi wake wa kukata na kuunga ni mtoto wa ujuzi ule ule wa miaka ya shida. Land Rover ikabaki kwa wakulima, misheni, wabeba vitunguu na wale wasiotaka kuachana nayo.

Kiwanda cha Solihull kilitoa Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani Januari 29, 2016, baada ya zaidi ya magari milioni 2 ya ukoo ulioanzia kwenye Series I. Defender mpya inatengenezwa Nitra, Slovakia, na haina chesisi ya kujitegemea. Bodi na fremu ni kitu kimoja, na kompyuta zimeenea humo. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, mamia kwa mamia ya magari yakajipanga barabarani kwa lengo la kuipita rekodi ya Ujerumani ya msafara wa magari 632. Watu walipiga picha na zile zinazong'aa. Mimi ningeanzia kwenye zile zenye milango isiyofanana.

Kadi ya gari huandika namba ya chesisi na namba ya injini, na injini ikibadilishwa namba ya zamani inafutwa. Injini tatu zilizotangulia, ekseli mbili, mwaka springi zilipotolewa kwenye lori, jina la fundi aliyechonga sahani ya kuunganishia: hayo yamo vichwani mwa watu, na mafundi waliofanya kazi wakati mpaka umefungwa sasa ni wazee. Daftari la kurasa mia linatosha gari moja. Mwenye gari aanze na ukurasa wa namba ya chesisi, kisha aende kumuuliza fundi wake wa kwanza angali hai.