Sultani wa Kilwa na Mfalme wa Versailles

Al-Hasan bin Sulaiman alitawala Kilwa Kisiwani kuanzia mwaka 1310 hivi hadi 1333, zaidi ya miaka 300 kabla ya Louis XIV kushika enzi Ufaransa. Wote wawili walihama mji wakajenga jumba la fahari pembeni. Louis alihamishia baraza lake Versailles mwaka 1682. Jumba la Al-Hasan, Husuni Kubwa, lililojengwa kwa matumbawe na chokaa juu ya jabali mashariki mwa mji wa Kilwa, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane.

Lakini upande wa kusini wa Husuni Kubwa kuna ua mpana uliozungukwa na bohari za biashara, na hapo ndipo falme hizi zinapoachana. Louis aliwatoza wakulima kodi kupitia maofisa wake wa mikoani, akalipa jeshi la kudumu. Sultani wa Kilwa alitegemea ushuru wa bandari, hasa wa dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini, na tajiri aliyechukizwa naye aliweza kutweka tanga akaenda Mombasa au Mogadishu. Mtawala wa namna hiyo hakuweza kuamrisha tu; ilimbidi apendwe.

Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anasimulia kuwa fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa zile zile. Baadaye akamwongezea watumwa na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ndugu yake Daud, aliyemrithi, aliwajibu waombaji kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu.

Louis alipofariki mwaka 1715, kitukuu wake wa miaka 5 alirithi kiti. Kilwa kiti hakikuwa imara hivyo: katika karne ya 15 maamiri walianza kuweka na kuondoa masultani, na Wareno walipofika walimkuta Amiri Ibrahim akitawala bila kuwa wa ukoo wa kifalme. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji, Ibrahim akakimbia, na Muhammad Ankoni akavishwa taji na Wareno. Mwaka uliofuata akauawa. Wareno walikuwa wamejenga ngome Sofala, wakaikatia Kilwa dhahabu iliyoilisha. Mwaka 1512 wakaihama Kilwa.